Kisanduku Kilichosahau

"Umesikiliza?"

"Nisikilize nini, Kiyoharu-san?"

Chizuru aliibana simu ya studio begani, ufagio bado mkononi.

"Nilikuachia kitu kwenye kisanduku," Kiyoharu akasema. "Jibu lako."

Chizuru akageuka. Pembeni ya kinanda cha umeme, kile kisanduku cha noti za muziki kilikuwa kimya, taa zote zimelala. Kiyoharu ndiye aliyekuwa akikibonyeza namba kutwa nzima, kila noti na namba yake, kisha kinapiga chenyewe. Ukikata umeme kinasahau yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Chizuru hivyo.

"Nilikizima jana asubuhi," Chizuru akasema taratibu. "Ndicho ninachofanya kila siku kabla ya kufagia. Mzee Nagase mwenye studio hugomba umeme ukipotea bure."

Kiyoharu hakulaumu. Ingekuwa nafuu angelaumu.

Juzi, wakila tambi kwenye kibanda cha stesheni, Chizuru alimuuliza Kiyoharu kama anamwona mpiga kinanda tu, au zaidi. Kiyoharu aliinamia bakuli, akasema atamjibu. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu: baba yake anaumwa, naye amekwenda kwao Kanazawa. Tokyo nzima ikawa kama chumba kilichohamwa.

"Nilidhani umesikia ukanyamaza," akasema Kiyoharu. "Baba anataka nibaki nishike duka lake la vitambaa. Jioni hii namjibu. Nilikuwa nimeshaamua kukubali."

"Basi niambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Mimi maneno hayo hayanitoki, Chizuru-san. Unanijua."

Alimjua. Mtu wa kuongea na mashine siku nzima, akitazamwa na binadamu anatazama viatu.

Chizuru akaweka ufagio chini, akawasha kisanduku.

"Namba zinakutoka?"

Zikamtoka, kwanza kwa aibu, kisha kwa mfululizo. Chizuru akabonyeza. Nyuma ya Kiyoharu ikasikika sauti ya mama yake ikiuliza mwanangu unamsomea nani hesabu za duka, na hesabu zenyewe mbona hazijumlishiki.

"Sasa mstari wa pili," Kiyoharu akasema, sauti chini. "Unakwenda pamoja na ule wa kwanza."

Walipomaliza, Chizuru akabonyeza kitufe.

Ukatoka wimbo ambao yeye huuvumisha akifagia, asubuhi, akidhani yuko peke yake. Kumbe kulikuwa na mtu mlangoni, anasikiliza. Na chini ya wimbo ule sasa kulikuwa na sauti ya pili, nzito, ikimfuata Chizuru hatua kwa hatua. Alipopumzika, ilimngoja.

Chizuru akausogeza mkono wa simu karibu na spika ili Kiyoharu naye asikie.

"Rudi," akamwambia.

"Baba akipata nafuu, narudi. Nakwenda kumwambia sasa hivi."

Mzee Nagase akaingia, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Binti, umeme."

"Usiguse, mzee. Mpaka arudi."

Mzee akasikiliza kidogo. Akautoa mkono, akavuta kiti, akakaa.