Mkono wa Mama kwenye Chale za Ielemia

Lagimaina alikuwa akikuna nazi nyuma ya nyumba. Magimbi yalikwisha kuiva. Kutoka nyumba ya wageni ilisikika sauti ya fundi wa chale: ko-ko-ko, kirungu kikigonga kitana chenye meno makali, kinachotia wino ngozini. Mwanawe Ielemia alikuwa amelala mkekani akichorwa pe'a, chale za wanaume wa Samoa, tangu kiunoni hadi magotini. Marehemu baba yake alikuwa nazo. Babu yake pia.

Desturi inataka jamaa wakae karibu, wamshike, wamwimbie. Lakini binamu yake Setu alimcheka mbele ya vijana: "Utabembelezwa kama mtoto anayeota meno!" Ielemia akawatoa wote nje.

"Mimi mwanamume," alisema. "Nitavumilia peke yangu."

Mara ko-ko-ko ikanyamaza. Ielemia akatoka akichechemea.

"Mama, sirudi tena. Leo ni moto mtupu."

Nazi ikamponyoka Lagimaina. Chale zilikuwa zimefika nusu ya paja! Kijijini kwao, mwanamume mwenye pe'a isiyokwisha huenda na aibu hiyo hadi kaburini, na ukoo wake huibeba pamoja naye.

Hakumkaripia. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akamwita jirani yao Fuatino, muuguzi wa zahanati.

Fuatino alinawa mikono, akaikagua ngozi.

"Hakuna usaha. Homa huna. Ungekuwa nayo, ningekupeleka zahanati mimi mwenyewe. Maumivu ni mlinzi, mwanangu. Akipiga kelele, kwanza tazama ameona nini."

"Sasa mbona juzi niliweza na leo siwezi? Kitana ni kile kile!"

"Usiku ulilala?"

"Nilikuwa naogopa."

"Umekula?"

Ielemia akatikisa kichwa.

"Sikia," Fuatino akasema. "Ngozi hupeleka habari tu. Habari hupita kwenye neva, zikaingia uti wa mgongo, zikapanda ubongoni. Ubongo ni kama baraza letu la wazee. Mjumbe anaingia: 'Pajani kuna jambo!' Baraza ndilo linalopima uzito wake. Wazee wakiwa wameshaingiwa na hofu, hata mnong'ono wanausikia kama ukelele."

"Kwa hiyo najidanganya? Siumwi?"

"Unaumwa kweli kweli! Ila hofu inakuongezea. Haya, ukijigonga goti unafanya nini?"

"Nalisugua."

"Nani alikufundisha?"

Ielemia akacheka kidogo.

"Mguso nao ni mjumbe," Fuatino akaendelea. "Ukifika kwenye uti wa mgongo, humsonga mjumbe wa maumivu mlangoni. Na mkono wa mtu akupendaye, ukikupapasa polepole, huliambia baraza: tulieni, hapa ni salama. Wimbo na pumzi ndefu husaidia vilevile. Maumivu hayaishi, lakini hupungua."

"Kumbe!" Lagimaina akasema. "Mume wangu alipochorwa, mama mkwe alinikalisha hivyo hivyo, kichwa cha mume wangu mapajani pangu. Nikadhani ni heshima tu."

Siku hiyo Ielemia alikula magimbi kwa tui, akasali na mama yake, akalala. Alipopata nguvu, alirudi mkekani. Lagimaina alikaa upande wa kichwa chake, akampapasa bega taratibu. Shangazi zake wakaanza wimbo wa kanisani. Ko-ko-ko. Ielemia alikunja uso, lakini alipumua pamoja na wimbo.

Fundi akaguna. "Leo ndipo naona paja. Siku ile, ulivyojikaza, nilikuwa nachora gogo."

Wakacheka wote, hata Ielemia.

Kazi ikaendelea hivyo mpaka ikakamilika. Siku ya kumaliza, fundi alimpasulia yai kichwani kama ilivyo mila, na Lagimaina akampaka mwanawe mafuta ya nazi yenye manjano. Ielemia alisimama mbele ya ukoo, magoti wazi, chale nyeusi ziking'aa. Lagimaina alimwona mume wake katika kusimama kule. Hakulia. Aliinua shingo, watu waone mama yake ni nani.

Setu akasogea. "Eti kweli uliimbiwa?"

"Niliimbiwa, na mama akanishika," Ielemia akajibu kwa sauti kubwa. "Wewe pe'a yako iko wapi?"

Vijana wakaangua kicheko. Setu alijikuna kisogo. Kelele zilipotulia, akachutama kando ya Lagimaina.

"Shangazi," akanong'ona, "nami nikianza, utakuja kunishika?"

"Nitakuja," akasema Lagimaina. "Nawe uje umekula."