Mtungi Wenye Kitambaa Chekundu

Tarehe kumi na nne Agosti 1957, kabla ya jua kuchomoza, chemchemi iliyo chini ya mtaa wa Kadutu ilikuwa ikitoa maji membamba kama kidole. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Maji yaliyojikusanya dimbwini usiku kucha yaliwatosha watu wa mbele tu. Wa nyuma walikwangua tope.

Kwa sababu hiyo vyombo vilipanga mstari badala ya wenyewe. Mtu alileta mtungi au ndoo yake jioni, akaifunga alama, akarudi nyumbani, na asubuhi aliikuta pale pale. Hapakuwa na mlinzi. Hakuna aliyegusa chombo cha mwenzake, maana leo kwako, kesho kwangu.

Clémence, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameziweka ndoo zake mbili tangu jana yake. Baba yake, Théodore, alikuwa katekista wa parokia, na Clémence mwenyewe alikuwa amechaguliwa kubeba maua mbele ya sanamu ya Bikira Maria katika maandamano ya kesho, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Gauni lake jeupe lilikuwa limeingia vumbi la kiangazi. Alitaka ndoo moja ya kulifulia na nyingine ya kulisuuzia.

Alitazama dimbwi, akatazama mstari, akaona kwamba maji yatakatikia mbele yake. Chombo kilichomtangulia kilikuwa mtungi uliofungwa kitambaa chekundu shingoni. Ulikuwa wa Maman Nsimire, mjane aliyemlea mjukuu wake Lucien, mtoto wa miaka miwili. Mama wa mtoto alikuwa amekufa, na baba yake alichimba dhahabu huko Mwenga. Lucien alikuwa akiharisha. Clémence alilijua hilo, kwa kuwa baba yake alimwombea mtoto huyo katika sala ya jioni, naye aliitikia "Amina" kama wengine.

Aliunyanyua mtungi, akauweka nyuma ya ndoo zake.

Wanawake walipofika kuchota, mwenzake wa darasani, Virginie, alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mutoto wa katekista iko mbele leo," alisema. "Pengine malaika walimubebea ndoo." Watu wakacheka, na Clémence akacheka nao. Ndoo yake ya pili ilipojaa, dimbwi lilikuwa limebaki matope. Maman Nsimire alifika akihema, kwa kuwa alikuwa amemwacha mtoto peke yake. Alitazama ndani ya mtungi wake, kisha akatazama mstari. Aliubeba mtupu na kupanda nao mlimani.

Mchana Clémence alilifua gauni, akalikamua, akaliacha na povu lake. Ndoo ya pili aliifunika, ili alisuuze akisha kuungama, kwa kuwa wasichana wa maua walitakiwa kuungama siku hiyo.

Katika kiti cha maungamo alizitaja dhambi zake kwa utaratibu mzuri, kama alivyofundishwa. Alisema amechelewa sala za asubuhi, amemjibu mama yake vibaya, na amesogeza mtungi wa mtu. Padri Adalbert aliuliza ni mtungi wa nani. Alimwambia. Padri akauliza kama yule mama amekwisha kupata maji.

"Sijui, padri."

"Basi nenda kwanza ujue," alisema padri. "Utamwambia wewe mwenyewe kwamba ni wewe. Kisha urudi hapa, nami nitakungoja."

Nyumba ya Maman Nsimire ilikuwa ya mwisho kwenye mteremko. Kutoka mlangoni ziwa lilionekana chini kabisa, lakini kushuka na kupanda kulikula nusu ya siku, na mjane hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Tangu asubuhi alikuwa amezunguka kwa majirani akapata kikombe kimoja. Alikichemsha, na Lucien alikitapika chote. Mwuguzi wa dispansari alikuwa amempa dawa na kuagiza anyweshwe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, bila kuacha. Dawa ilikuwepo. Maji hayakuwepo.

Mtoto alilala juu ya mkeka. Macho yake yalikuwa yamezama, midomo imepasuka. Alikuwa akilia, lakini machozi hayakutoka.

Clémence alipiga magoti. Alisema kwamba ndiye aliyeusogeza mtungi.

Maman Nsimire hakugeuka. "Uliona kitambaa yangu?"

"Niliona, maman."

"Ulijua mutungi iko ya nani?"

"Nilijua."

"Na mutoto iko mugonjwa, ulijua?"

"Nilijua."

Clémence alingoja karipio, hata kofi, akakosa vyote viwili. Aliondoka, akapanda kwao mbio, na kurudi na ile ndoo iliyofunikwa. Maman Nsimire aliipokea bila kumshukuru, akawasha moto.

Maji yalipopoa, Clémence alianza kumnywesha mtoto kwa kijiko. Vijiko vya kwanza vilirudi vyote. Alijaribu kusali, lakini sala alizozihifadhi kwa moyo hazikuja. Alisema tu, "Bwana, ni mimi. Usimwadhibu yeye." Jirani mmoja alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akaenda zake. Giza lilipoingia Maman Nsimire alimwambia aende nyumbani. Clémence alipita kwa padri, akamalizia maungamo yake. Kulipopambazuka alikuwa amerudi kwenye mkeka. Lucien alikuwa hai, lakini hakulia tena.

Kengele zilipigwa. Maandamano yalipita barabara ya juu yakiimba, na maua yalibebwa na Virginie. Gauni la Clémence lilikuwa nyumbani, limekauka na sabuni yake, gumu kama ganda la mgomba.

Baada ya misa baba yake alikuja kumtafuta, jirani akamwelekeza pale. Padri hakuwa amemwambia chochote. Ni Clémence aliyemweleza yote, kijiko kikiwa mkononi. Théodore alivua kofia, akamwomba Maman Nsimire radhi kwa niaba ya nyumba yake. Kisha akaketi chini, kando ya binti yake.

"Nilikufundisha kumwomba Bikira Maria," alisema. "Sikukuambia kwamba kule Nazareti alichota maji kama wanawake wengine, na akangoja zamu yake. Mutu anayejipenda peke yake hata sala inamufaa yeye tu. Ukitaka kumufuata Maria, mwangalie kwanza mwenye kusimama jirani yako. Na jua neno hili: Mungu anasamehe, lakini huyu mutoto anaweza kufa vilevile."

Clémence alichovya kijiko, akakisogeza kwenye midomo ya mtoto. Mtoto alimeza. Alichovya tena.

Alasiri Maman Nsimire alimwinua mjukuu wake ili ageuze kitambaa alicholalia. Alikipapasa, akakinusa, akakipapasa tena. Kilikuwa kimelowa, wala si kwa kuhara, mara ya kwanza tangu juzi.

"Amekojoa," alisema. Akamtazama Clémence usoni. "Lete maji ingine."