Jina Ambalo Madina Hakulitaja

Walikutana sokoni Isiolo, mwaka wa 1966, kijana mgeni alipomkanyaga kidole cha mguu Madina, muuza maziwa, aliyekuwa ameshika kibuyu chake.

"Wewe! Umekuja kununua maziwa ama kuvunja watu?"

"Pole, dada. Nilikuwa naangalia leso yako."

"Leso iko chini huko kwa miguu?"

Leso ilikuwa ya manjano, na kijana alikuwa mwongo. Alikuwa akiangalia uso. Aliitwa Umuro Denge, Mborana wa upande wa Ethiopia, aliyetoroka Mega baada ya boma lao kuchomwa na kaka yake kuuawa. Tangu siku hiyo Madina akawa akimwita soko zima lisikie: "Umuro Denge, njoo unywe, umekonda sana!"

Wakapendana. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya shifta, wale waasi wa kaskazini, na askari walikuwa kila kona, na mgeni asiye na karatasi alionekana shifta hata akiwa ameshika kikombe cha chai. Umuro akaomba hifadhi ya mkimbizi katika ofisi ya wilaya, ambayo ingepeleka ombi Nairobi. Karani Kaburu, Mmeru mwenye miwani na hasira za asubuhi, akamtaka alete mtu wa mji anayemjua vizuri. Asipomleta kufikia Ijumaa saa sita mchana, angepandishwa lori la kurudi mpakani. Huko alikuwa akingojwa na waliomuua kaka yake.

Ijumaa Madina akafika, leso ile ile imepigwa pasi. Umuro akaambiwa angoje barazani, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Unamjua huyu kijana?"

"Namjua sana."

"Baba yake anaitwa nani?"

Madina akavuta pindo la leso mdomoni.

"Nauliza, baba yake nani?"

"Siwezi kusema."

"Hujui!" Kaburu akafunga faili. "Msichana, usinipotezee wakati. Toka."

Madina alipotoka, Umuro akamkabili kwa uchungu.

"Umeogopa kuitwa rafiki wa shifta? Si ungeniambia mapema!"

"Ndio hivyo unanifikiria?"

"Jina la baba yangu umelipigia kelele soko zima!"

"Hiyo ni zamani. Mwezi huu umelisikia kwa mdomo wangu hata mara moja?"

Umuro akakumbuka. Kweli, hakuwa amelisikia. Kwa Waborana, na Madina pia alikuwa Mborana, mke hatamki jina la baba mkwe, na Umuro alilijua hilo tangu utotoni.

"Lakini Madina... mimi sijakuposa."

"Najua! Nakungoja, mzito wewe." Machozi yakamtoka. "Nilitaka nilitaje tu, nikuokoe. Mdomo ukakataa."

Saa sita kasoro dakika tano. Lori lilikuwa limeshawashwa uani. Umuro akamshika mkono, wakaingia bila kubisha hodi, akaeleza yote. Kaburu akavua miwani.

"Kwa hivyo huyu ni bibi yako?"

"Bado, mzee. Sijamuuliza."

"Sasa mimi nitaandika nini? Muulize! Ofisi inafungwa."

Umuro akamgeukia. "Madina, utanikubali, hata kama Nairobi watakataa ombi langu?"

"Kama nisingekutaka, si ningelitaja hilo jina?"

Kaburu akachovya kalamu. "Shahidi ni mchumba. Lori litaenda bila wewe. Utangoja jibu la Nairobi hapa hapa. Haya, jina la baba?"

"Denge," akasema Umuro.

Madina akafunika uso kwa leso, kama mke wa mtu.