Nukta Iliyofutwa Chang'ombe

Paskalia alisimama katikati ya wapita njia wa Chang'ombe, amevaa gauni la kitenge cha bluu na raba zilizojaa vumbi. Macho yalikuwa kwenye kishikwambi. Alizunguka mara mbili palepale.

"Dada, umepoteza mtandao au mchumba?"

Aligeuka. Kijana mrefu alikuwa amebeba mafungu ya mchicha begani, maji yakimchuruzika shatini.

"Natafuta dimbwi," alijibu kwa aibu, akamwonyesha picha ya setilaiti: mapaa ya bati, na kati yake nukta nyekundu. "Hapa huenda mbu wa malaria wanazaliana. Nimetumwa na ofisi ya afya kuhakiki."

Kijana alicheka. "Hicho kisima cha bustani yangu! Kumbe naonekana mpaka angani? Naitwa Noeli. Karibu."

Mwezi mzima uliofuata simu kati yao hazikukoma.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, nahesabu mbu wako."

"Wahesabu, ila mimi usinisahau."

Ruthu, dada yake Noeli aliyeishi naye, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alishaanza kumwita Paskalia wifi.

"Nikivuna mchicha huu," Noeli alimwambia, "nakuja kwenu Haneti kujitambulisha."

Wiki hiyohiyo, ofisini ikavuma habari kwamba penye nukta nyekundu patafukiwa. Paskalia hakuuliza mtu. Akilini aliiona bustani ikikauka na safari ya Haneti ikifa. Akaifuta nukta ya Noeli, akaandika: pakavu.

Hakuna kilichofukiwa. Walipita watu wa dawa, wakanyunyiza ya kuua viluwiluwi kwenye visima vyote vya jirani, wakakiruka kimoja.

Wiki chache baadaye, Jumanne mchana, simu ikaja.

"Paska, Ruthu amelazwa. Malaria. Mimba imetoka." Noeli alivuta pumzi. "Jirani zangu wote walitiwa dawa. Mbona kwangu hamkuja?"

Paskalia alitamani kusingizia setilaiti. Hakuweza.

"Niliifuta mimi nukta yako. Niliogopa watakifukia kisima chako."

Kwa mbali nesi aliita jina la mgonjwa.

"Ungeniuliza," Noeli alisema polepole. "Ningekifukia kwa mikono yangu."

"Nisamehe, mpenzi. Niruhusu nije nimwone wifi."

"Usije, Paskalia." Tangu wapendane hakuwahi kulitamka jina lake zima. "Ruthu anakuulizia tangu asubuhi. Sijui nimwambie nini."