Niulize Jambo Lenyewe

"Nisimulie siku moja nzuri uliyokaa na binti yangu," baba alisema. "Moja tu!"

Mchumba wangu akatazama feni.

"Baba, ngoja nimsai…"

"Wewe funga mdomo! Ukimjibia, posa hii imeishia hapa hapa."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Huyu fundi lifti wangu ana usonji. Kichwa chake hakipotezi kitu: nguo, maneno, hata harufu ya chumba atakutajia. Lakini swali la jumla namna hiyo linamfungia milango yote. Mpaka umuulize jambo lenyewe. Mimi nalijua hilo, baba halijui, na nimezibwa mdomo!

Simu ikatetemeka mapajani. Kumbe alikuwa ananiandikia chini ya meza: "Zimo nyingi. Sijui anataka ipi. Nisaidie."

Machozi yakanitoka. Ningemsaidiaje?

"Miaka yote hiyo hana hata siku moja?" Baba akasimama. "Hakupendi huyu, mwanangu. Msindikize aende zake."

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Akamtazama mchumba wangu kwa huruma.

"Kwani siku mwanangu alipopasuliwa tumbo hospitalini, si ulikuwa naye wewe?"

Mchumba wangu akageuka hapo hapo.

"Nilikuwa naye. Kitanda cha dirishani. Alivaa soksi ya kijani mguu mmoja, mwingine wazi. Dawa ya usingizi ilikuwa haijamtoka. Alikuwa analia, anasema, 'Mpigieni baba. Mwambieni simnunii tena. Aje anishike mkono.'"

Mimi mwenyewe sikumbuki hata neno moja! Wakati ule mimi na baba tulikuwa hatusemezani.

"Mbona hukunipigia?" baba aliuliza.

"Nilipiga. Ulisema, 'Mimi sina binti,' ukakata."

Mama akaweka vikombe chini. Baba akashikilia kiti kama mgonjwa.

"Na wewe… ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asife. Nikamwambia mimi sijui kumkumbuka bila mtu wa kuniuliza, na anayejua kuniuliza ni yeye."

Baba akakaa, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanamtikisika. Nilitaka kumfuata, nikaishia kushika ukingo wa meza. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, na sikujua mtu anambembelezaje baba yake.

"Mama," baba akasema mwishowe, uso bado umo kofiani, "mwongeze mkwe chai."