Chungu cha Marehemu Damari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 1911, vigae vya chungu vilikutwa vimetapakaa sakafuni mwa nyumba ya wageni, Matema. Kufika saa moja, Anyitike, mpagazi aliyelala mlangoni, alikuwa amefungwa kamba, na shaushi, mkubwa wa askari, alikwisha tamka hukumu: hamsa ishirini za kiboko, yaani mapigo ishirini na matano, saa nne kamili, kabla meli haijang'oa nanga. Marita alipoitwa alikuja kwa hatua zake za kila siku. Mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe hakimbii ovyo. Amezoea kubeba vitu vinavyovunjika.

Aliyepatwa na hasara alikuwa Bwana Fogeli, Mmarekani mwenye kusema Kijerumani, aliyekuja kutembea tu. Siku nne alikuwa ameonyeshwa maporomoko, pango walimojificha wazee wakati wa vita, na soko la vyungu. Jioni naye akawaonyesha wenyeji picha za mji wake, Milwaki: daraja, mnara wa saa, nyumba ya makumbusho, na ziwa ambalo alisema ni kubwa kama hili lao. Marita alilitazama ziwa lile la karatasi akasema si baya, ila halina milima. Mgeni akacheka, kisha akaomba chungu kimoja kikakae katika nyumba ile ya makumbusho. Marita akampa cha mama yake, marehemu Damari, kilichokaa miaka ishirini darini bila kutiwa hata tone la maji. Hakukiuza. Alitaka watu wa Milwaki wajue kwamba Ikombe alipata kuishi fundi.

"Anyitike amekikanyaga usingizini," alisema Hezroni, mkalimani wa mgeni, kijana wa makamo aliyesoma shule ya misheni na kuvaa viatu hata ufukweni.

Anyitike alisema hakuamka usiku kucha. Hakuna aliyemsikiliza.

Marita alichutama. Akaokota kigae, akakigeuza, akakigusisha shavuni. Kilikuwa baridi na kizito. Chini yake sakafu ya udongo ilikuwa imelowa, na mvua ilikuwa haijaanguka siku nyingi. Mkono uliofinyanga kigae kile aliujua, kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa amefinyanga vyungu vitatu vya kuiga cha mama yake. Kimoja kilikuwa kwake. Cha pili alikuwa nacho wifi yake, Veronika. Cha tatu alimzawadia Hezroni, aliyewaandikia barua za msiba mama alipofariki.

Neno la mwanamke mbele ya shaushi halifiki mbali likienda mikono mitupu. Akaondoka kwenda kuomba maji.

Alianza kwa Veronika, naye mfinyanzi, ambaye chungu chake mgeni alikuwa amekikataa. Siku mbili alikuwa akinung'unika, na majirani walikwisha anza kumtaja.

"Ugonile, wifi," Veronika alimsalimu, akamwambia akae. Akateka maji kutoka chungu kilichokuwa pembeni, kizima, chenye jasho. Marita alikunywa yote, akaona haya kwa aliyoyawaza njiani.

Saa tatu na nusu alikuwa kwenye chumba cha Hezroni. Aliyebisha hodi hanyimwi maji, hata na mwenye haraka; Hezroni akampa kwenye kibuyu. Maji yalikuwa na mchanga, kama yaliyochotwa ziwani sasa hivi. Pembeni palikuwa na ngata ya maganda ya migomba, ambayo chungu huikalia, nayo ilikuwa tupu.

"Chungu nilichokupa kiko wapi?"

"Kilivunjika, mama. Juma lililopita."

Marita aliikamata ngata, akaikamua. Maji yakamtiririka mkononi.

Hezroni aliinama mpaka kwenye kapu la ndizi, akatoa chungu cha Damari kikiwa kimezungushiwa majani. Shingoni kilikuwa na karatasi ya mgeni.

"Nisome?" aliuliza. "Imeandikwa hivi: chungu cha wenyeji, pwani ya ziwa, mfinyanzi hajulikani. Siku nne nimemtembeza, mama, na hakuuliza jina. Nikaona heri kibaki, nikaacha vigae vya changu mahali pake. Nilidhani atasikitika kidogo na kupanda meli. Sikujua kwamba atafungwa mtu."

"Ulipojua, ulisema nini?"

Hezroni alikishusha chungu juu ya ngata.

"Heshima ya mama yangu," Marita alisema, "hailipwi kwa mgongo wa Anyitike. Beba, twende."

Saa nne kasoro dakika tano walifika uani. Kiboko kilikuwa tayari mezani. Hezroni ikambidi atafsiri mwenyewe kosa lake, neno kwa neno, mbele ya shaushi aliyekijua Kijerumani cha kutosha kumkamata akiruka kitu. Mgeni akawa mwekundu. Akasema chungu kimepatikana, kwa hiyo hakuna kesi. Shaushi hakupendezwa, lakini Marita alisema kilichovunjwa ni kazi ya mikono yake, na hukumu anayoitaka ni hii: Hezroni amfungue Anyitike, avue viatu, na mizigo yote ya mgeni aibebe yeye mpaka melini.

Mgeni akachana ile karatasi, akauliza jina. Akaandika mpya. Marita akamwamuru Hezroni asome, kisha asome tena, kwa sauti ya kusikika na watu wote waliokusanyika uani.

"Damari, mfinyanzi, Ikombe."

Moyo ulimjaa Marita, wala hakuficha. Mgeni akamuuliza kama angependa siku moja kuuona mji wa Milwaki.

"Ndaga," Marita alishukuru. "Mama anakwenda kwa niaba yetu. Mkifika, mwonyesheni ziwa lenu. Na akiuliza milima iko wapi, msiseme haijulikani."

Kisha akavikusanya vigae vyote katika kanga, kwa kuwa vigae husagwa vikachanganywa na udongo mpya, akaenda kumfinyangia Anyitike chungu.