Kodi ya Mapenzi Aliyoilipa Galih Kabla ya Kutongoza

"Ning, asante kwa supu ya bakso," Tiur alisema huku akivuta kiti.

Wening aliinua macho kutoka kwenye kahawa yake baridi. "Bakso gani?"

"Ya jana, ulipokuwa kazini. Mas Galih katulisha genge zima. Mimi nimekula mabakuli mawili na sioni haya kusema. Kodi ya mapenzi lazima ilipwe."

Vijana wa Yogya, mji wa Indonesia, wana sheria zao. Wawili wakishakuwa wapenzi, marafiki wanawadai chakula, na hakuna kukwepa. Wening mwenyewe amekula kodi za wenzake mpaka akanenepa mashavu. Shida ilikuwa moja tu: yeye hakuwa mpenzi wa Galih.

"Nani kawaambia tuko pamoja?"

"Kwani hamko?" Tiur alishangaa kweli. "Kila Jumamosi mko kwenye mitumba, Jumapili mko hapa mnakunywa kahawa, picha zenu zimejaa kwenye simu yake. Tulimbana, akacheka, akalipa. Mtu asiye na mpenzi analipia nini?"

Wening alihisi uso unamwaka. Mwaka mzima alikuwa anangoja Galih atamke neno. Analala na simu mkononi, asubuhi anajiona mjinga. Na juzi Rendra wa ofisini kwao alimwita pembeni, akamwambia waziwazi kwamba anampenda na anamtaka awe wake. Jibu alilitaka leo.

Akampigia Galih simu. Humwita Mas, yaani kaka, kama anavyowaita vijana wengine wote.

"Mas, njoo hapa mkahawani. Sasa hivi."

"Niko mubashara mtandaoni, Ning, nauza jaketi. Kuna mteja anauliza mikono..."

"Zima."

Tiur alibeba glasi yake akahamia meza ya jirani, mbali kidogo, ila si mbali kiasi cha kutosikia.

Galih aliingia na helmeti kichwani, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Wening hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Umewalisha watu kwa ajili yangu?"

"Walinizingira, Ning."

"Ungesema si kweli."

"Nilitaka kusema."

"Ila?"

"Ila walivyosema wewe ni wangu, nikasikia raha. Nikaona heri nilipe kuliko kukana."

Wening alitaka kucheka, akataka kulia, mwisho akachagua hasira. "Kwa hiyo watu wote wanajua nina mpenzi, mimi ndiye sijaambiwa. Wewe nakuita Mas, muuza bakso naye namwita Mas. Tofauti yenu ni nini?"

"Naogopa. Wewe una kazi ya ofisini, mimi nashinda naonyesha watu suruali kwenye simu. Nikikuuliza ukakataa, nitakosa hata Jumamosi zetu."

"Rendra hakuogopa."

Galih alinywea ghafla. "Rendra kafanya nini?"

"Kaniuliza. Anangoja jibu leo."

Galih alisimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kisha akatoa simu, akaanza kuandika. Simu ya Wening ikalia mezani, na ya Tiur ikalia kule pembeni. Ulikuwa ujumbe kwenye grupu lao:

"Jamani, bakso ya jana ilikuwa uongo. Ning si mpenzi wangu. Sijawahi kumuuliza kwa sababu mimi ni mwoga. Mkitaka kunicheka, chekeni."

Walicheka. Vicheko vilimiminika mpaka simu ikawa inatembea yenyewe juu ya meza. Panji, mmoja wa genge, aliandika kwamba bakso yake keshaila na hairudishi. Galih hakuufuta ujumbe. Wening alimtazama, hasira ikaanza kumtoka bila ruhusa yake. Huyu ni kijana asiyepiga picha bila kutengeneza nywele kwanza, na leo kajivua nguo mwenyewe mbele ya genge lote.

Akachukua simu yake, akampigia Rendra palepale.

"Rendra, samahani sana. Jibu langu ni hapana. Umenifanyia uungwana na sitausahau."

"Kuna mtu mwingine?"

Macho yake yalikuwa kwa Galih. "Yupo. Ila bado hajaniuliza."

Alipokata, hata Tiur alikuwa ameacha kutafuna barafu.

"Ning," Galih alisema.

"Vua helmeti kwanza. Siwezi kutongozwa na bodaboda."

Akaivua. Nywele zilikuwa zimesimama ovyo na hakuzigusa.

"Nakupenda, Ning. Nataka uwe mpenzi wangu. Unakubali?"

Machozi yalimtoka Wening na hakujisumbua kuyaficha.

"Nakubali. Tangu mwaka jana nimekubali, ila wewe ulikuwa hujaniuliza."